Je, oksijeni nyingi inaunguza mapafu? Jibu kwa msomaji wa Makorora

Swali: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge na alivuta sigara tangu ujana. Miaka ya karibuni amekuwa mtu wa kukohoa na kuhema akipanda ngazi. Mwezi uliopita alilazwa kwa kichomi, akawekewa oksijeni ya mirija ya puani, lita 4. Kile kipimo cha kidoleni kikasoma 98, tukafurahi. Nesi akaja akapunguza mpaka lita 1, kikashuka hadi 91, tukashtuka. Usiku kaka yangu akaifungulia tena hadi lita 5 ili mzee apumue vizuri. Asubuhi nesi akagomba sana, akasema oksijeni nyingi inaunguza mishipa ya mapafu. Mzee karudi nyumbani lakini kaka bado anajilaumu. Hewa ya uhai inaunguzaje? Tumemharibu mzee? Na tunataka kununua mashine ya oksijeni ya nyumbani, tuogope?" (Msomaji, Makorora, Tanga)

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mpe mzee pole na salamu zangu.

Nianze na linalomkosesha kaka yako usingizi. Oksijeni ya lita 5 kwa mirija ya puani, usiku mmoja, haikumuunguza mzee mishipa ya mapafu. Haifiki huko. Nesi alikuwa na haki ya kupunguza na hata ya kugomba, ila kwa mgonjwa wa aina ya baba yako sababu kubwa ni nyingine, na nitaifikia. Hata hivyo alilowaambia si uzushi. Oksijeni ikizidi kipimo na ikidumu saa nyingi, hubomoa ukuta unaotenganisha damu na hewa ndani ya pafu, na ubomoaji huo huanzia kwenye mishipa midogo ya damu. Mwanasayansi wa Uskoti, James Lorrain Smith, alieleza tangu mwaka 1899 jinsi mapafu ya wanyama wadogo yanavyovimba na kujaa damu wakivutishwa oksijeni nyingi. Basi maneno ya nesi yana mahali pake. Nataka ujue mahali hapo ni wapi, ili usiiogope oksijeni pasipo na sababu, wala usiichezee penye sababu.

Tuanze na ukuta wenyewe. Pafu limejaa vifuko vya hewa, mamia ya mamilioni, na kila kifuko kimezungukwa na wavu wa kapilari, mishipa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita humo karibu moja moja. Kati ya hewa na damu kuna tabaka tatu: seli bapa za kifuko, utando wa kuzishikilia, na seli bapa zinazotandikwa ndani ya mshipa, ziitwazo endothelia. Penye wembamba zaidi, tabaka hizo tatu kwa pamoja hazifiki nusu ya elfu moja ya milimita. Ukuta huu una kazi mbili zinazopingana. Upitishe oksijeni na hewa chafu (kaboni dioksidi) bila kizuizi, na papo hapo uzuie maji na protini za damu zisimwagike kwenye vifuko.

Ukienda Sahare ukawatazama mafundi wa dau, utaona kwamba ubao mzuri peke yake hauzuii maji. Kinachozuia ni kalafati, ile pamba yenye mafuta inayoshindiliwa kwenye maungio ya mbao. Endothelia nayo ni hivyo hivyo: seli zimepangwa ubavu kwa ubavu, na maungio yake yamezibwa na protini zinazoshikana kutoka seli hadi seli. Iliyo kuu kati ya hizo ni ya jamii ya kadherini. Kwa nje kadherini ya seli hii inaikamata ya seli jirani, na kwa ndani imefungwa kwenye nyuzi za aktini ambazo ndizo mifupa ya seli. Maungio haya si ya kudumu, hufunguka na kufungwa kidogo kidogo kila siku. Maji machache huvuja daima, mishipa ya limfu ikayafyonza na kuyarudisha kwenye damu, na pafu likabaki kavu.

Sasa oksijeni inaingiaje katika ugomvi huu? Neno kuunguza si baya sana hapa, ingawa hakuna moto. Ndani ya kila seli kuna mitokondria, vinu vinavyotumia oksijeni kutengeneza nguvu. Katika kazi hiyo elektroni hupitishwa hatua kwa hatua mpaka zinakabidhiwa oksijeni na kugeuka maji. Elektroni chache hutoroka njiani, zikaidaka oksijeni kabla ya wakati wake, na kinachozaliwa ni supaoksaidi, molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Molekuli za namna hii huitwa radikali huru. Seli ina vimeng'enya vya kuzituliza. Cha kwanza huigeuza supaoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, vingine huigeuza hiyo kuwa maji. Ukivuta hewa ya kawaida yenye asilimia 21 ya oksijeni, watorokaji ni wachache na walinzi wanatosha. Ukivuta oksijeni tupu, shinikizo la oksijeni kwenye vifuko hupanda kutoka kama milimita 100 za zebaki hadi zaidi ya 600. Watorokaji huongezeka, vimeng'enya vingine kwenye utando wa seli za endothelia navyo huanza kuzalisha supaoksaidi, na walinzi wanazidiwa.

Aliyeliweka wazo hili mezani ni Rebeca Gerschman, mwanafiziolojia wa Argentina. Mwaka 1954, akiwa na Daniel Gilbert na wenzao, alidai kwamba sumu ya oksijeni na madhara ya mionzi ya eksirei yana asili moja, yaani radikali huru. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wakabaini kimeng'enya kinachoituliza supaoksaidi, na ugunduzi huo ukampa nguvu Gerschman: kama mwili umejitengenezea mlinzi, adui bila shaka yupo.

Radikali zikizidi, maungio ya endothelia hayavunjiki kwa bahati mbaya, na hili ndilo linalonivutia zaidi katika habari yote. Seli yenyewe inajifungua. Radikali zinavuruga ishara za ndani, kalisi inaingia kwa wingi, nyuzi za aktini zinavutana na miosini, protini ya kukaza, kama vile seli inataka kujikunja, na kadherini zinaachia mikono au kuvutwa ndani ya seli. Pembeni hufunguka mianya. Kwanza hupita maji, kisha albumini, protini kubwa ya damu ambayo haikupaswa kutoka. Wakati huohuo endothelia iliyoudhika huweka juu yake molekuli za kunasa chembe nyeupe. Chembe hizo zinakuja kusaidia, zinakwama, nazo zinamwaga radikali zake mwenyewe. Baadaye seli zenyewe huanza kufa, na hapo hakuna tena ungio la kuzungumzia, kuna tundu.

Kwa muda limfu hujitahidi. Ikishindwa, maji yenye protini huingia kwenye vifuko. Humo kuna sabuni ya asili inayozuia vifuko visinyauke na kushikana, na protini za damu huilemaza. Vifuko vinajifunga. Sasa angalia mtego ulipo: pafu lililojaa maji halichukui oksijeni vizuri, kipimo cha kidoleni kinashuka, na aliye kitandani anaongezewa oksijeni kwa kuwa kipimo kimeshuka. Dawa inayoumiza inaongezwa kutibu maumivu iliyoyaleta. Wodini ni vigumu mno kulitambua hili, maana mgonjwa anayehitaji oksijeni nyingi tayari mapafu yake yalikuwa mabovu. Ukimwona anazidi kudhoofika huwezi kujua kwa macho kama ni kichomi au ni oksijeni. Kwa sababu hiyo elimu yetu kubwa ilitokana na wanyama na watu wazima wenye afya.

Panya wa maabara akiwekwa kwenye oksijeni asilimia 100, kwa siku moja na zaidi huonekana hana neno. Halafu mambo hugeuka ghafla, na kufikia siku ya tatu hivi wengi wamekufa mapafu yakiwa yamejaa maji. James Crapo na wenzake, waliohesabu seli za mapafu hayo kwa darubini ya elektroni mwaka 1980, walionyesha kwamba endothelia ya kapilari ndiyo inayoangamia kwa wingi, huku seli za upande wa hewa zikistahimili zaidi. Utauliza kwa nini wa nyuma aumie kabla ya wa mbele. Sehemu ya jibu ni kwamba upande wa hewa umefunikwa na majimaji yenye glutathione nyingi inayozima radikali, na upande wa damu ndiko chembe nyeupe zinakokuja kunasa. Kuna jambo la ajabu zaidi: panya waliokaa kwanza wiki moja kwenye asilimia 85 walistahimili asilimia 100 iliyowaua wenzao, kwa kuwa mapafu yao yalikuwa yameongeza vimeng'enya vya ulinzi. Usichukue hilo kuwa mazoezi ya mzee.

Kwa binadamu, ushahidi ninaouamini zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 1983. Watu wenye afya njema walivuta oksijeni ya zaidi ya asilimia 95 kwa muda wa kama saa 17, kisha mapafu yao yakaoshwa kwa maji ya chumvi na maji hayo kupimwa. Albumini na transferini, protini za damu, zilikuwa zimeongezeka humo. Yaani kwa saa 17 tu ukuta ulikuwa umeanza kuvuja, hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Habari njema ni kwamba uvujaji huo wa mapema hurekebika. Wanaovuta oksijeni tupu kwa muda kama huo huanza pia kulalamika kifua kinawauma nyuma ya mfupa wa katikati, hasa wakivuta pumzi ndefu, na kikohozi kikavu kinawajia.

Kinachoumiza si asilimia peke yake, ni shinikizo la oksijeni na saa unazolivuta. Wanaanga wawili wa Gemini 7, mwaka 1965, walivuta oksijeni karibu tupu kwa siku 14 wakarudi salama, kwa sababu chombo chao kilikuwa na shinikizo la kama theluthi moja tu ya lile la ardhini. Kinyume chake ni mzamiaji. Mitungi ya vijana wanaozamia huku kwetu mara nyingi ina hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, lakini akifika mita 20 shinikizo limekuwa mara tatu, na mapafu yake yanapata oksijeni sawa na ya mtu anayevuta asilimia 63 juu ya nchi kavu. Kinachomwokoa ni muda: chini anakaa dakika, hakai siku nzima.

Sasa turudi kwenye kitanda cha mzee tupige hesabu. Mirija ya puani haimpi mgonjwa oksijeni tupu, hata kama inayotoka kwenye mtungi ni tupu. Kila anapovuta pumzi anachanganya na hewa ya chumbani. Kanuni tunayowafundisha wanafunzi ni kwamba kila lita moja kwa dakika inaongeza kama asilimia 4 juu ya zile 21. Lita 4 ni asilimia 36 hivi, lita 5 ni kama 40. Ni makadirio, anayehema kwa kasi hupata pungufu ya hapo. Kwa mtu mzima, kiwango cha chini ya asilimia 50 huchukuliwa na madaktari wengi kuwa kinavumilika kwa siku nyingi bila ukuta kuanza kuvuja. Kaka yako hakulifikia eneo la hatari hata kwa mbali, na hata angelifikia, usiku mmoja usingetosha kuleta lile la siku ya tatu la panya.

Eneo la hatari liko kwingine. Liko kwenye barakoa yenye mfuko wa akiba, ile inayofungwa usoni na kufunguliwa lita 10 hadi 15, ambayo inaweza kufikisha asilimia 60 hadi 90. Liko zaidi kwenye mashine ya kupumulia ya chumba cha wagonjwa mahututi, ambako mgonjwa anaweza kupata hadi asilimia 100 kamili bila kuchanganya na chochote. Huko kupunguza oksijeni mara inapowezekana ni kazi ya kila saa. Mwaka 2018 watafiti walijumuisha majaribio 25 yenye wagonjwa zaidi ya 16,000 waliolazwa na maradhi ya ghafla, na wakaona waliopewa oksijeni kwa mkono mpana walikufa kwa wingi kidogo kuliko waliopewa kwa kipimo. Majaribio mengine ya baadaye kwa walio kwenye mashine hayakuona tofauti, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Ila hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba kumjaza mgonjwa kupita anavyohitaji kunamsaidia.

Wazo kwamba kizuri kikizidi kinaua si geni kwa mkoa wetu. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa mojawapo ya vituo vya jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, ambalo liliwagawa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofu. Waliomiminiwa maji ya dripu kwa haraka, kama vitabu vya wakati ule vilivyoelekeza, walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Kila ninapomwona mtu anafungulia kitu hadi mwisho "kwa usalama", nalikumbuka jaribio hilo.

Kwa nini basi nesi alipunguza? Hapa ndipo penye jibu lako. Kwa unavyomweleza, mvutaji wa siku nyingi, vumbi la kiwandani, kikohozi cha miaka na kuhema akipanda ngazi, mzee yamkini ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kama hajapimwa kwa spirometa, kifaa cha kupulizia kinachopima nguvu ya mapafu, apimwe. Wagonjwa hawa hushindwa kuitoa kaboni dioksidi vizuri. Ukiwapa oksijeni kupita kiasi, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja: damu hupelekwa kwenye sehemu za pafu zisizopitisha hewa vizuri, damu yenyewe hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kubeba kaboni dioksidi, na kwa baadhi yao upumuaji unapungua kasi. Hewa chafu inarundikana, mgonjwa anasinzia, anachanganyikiwa, na anaweza kuzimia huku kipimo cha kidoleni kinasoma 99 na familia inashukuru. Hili halichukui siku tatu, huchukua saa chache. Huko Tasmania, Australia, utafiti uliotolewa 2010 ulilinganisha wagonjwa wa namna hii ndani ya gari la wagonjwa: waliofunguliwa oksijeni nyingi walikufa asilimia 9, waliopewa kwa kulenga 88 hadi 92 walikufa asilimia 4. Kwa hiyo ile 91 iliyowashtua ndiyo nesi aliyokuwa anaitafuta. Kwa mgonjwa asiye na ugonjwa huo tunalenga juu zaidi, aghalabu 94 hadi 98.

Kaka yako, kama alikosea, alikosea hapo, na kwa kuwa mzee aliamka vizuri, yamepita. Ila asirudie.

Kuna jambo la kipimo cha kidoleni ambalo watu wengi hawalijui, na linahusu ukuta wetu moja kwa moja. Kipimo hicho husoma ni kiasi gani cha himoglobini kimejaa oksijeni. Himoglobini ikishajaa, imejaa. Desilita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya hubeba kama mililita 20 za oksijeni, na ukimtoa kwenye hewa ya kawaida ukampa oksijeni tupu unaongeza mililita 2 hivi, basi. Faida kwa mwili ni ndogo, lakini mapafu yanapokea shinikizo lote. Kipimo nacho hakisemi. Kinaposoma 100, shinikizo la oksijeni kwenye damu linaweza kuwa 120 au 500, hakitofautishi. Ndiyo maana kwa mgonjwa mwenye barakoa kubwa, 100 iliyotulia ni ishara ya kupunguza. Kinachofurahisha ndugu mlangoni kinaweza kumtia wasiwasi daktari.

Na kuna upande wa pili wa shilingi ambao sisi wenye ngozi nyeusi hatuna budi kuujua. Vipimo hivi vinapitisha mwanga kwenye ngozi, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi upungufu wa oksijeni ulipita bila kugunduliwa karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kipimo kilisoma 92 hadi 96 wakati damu ilikuwa chini ya 88. Kwa hiyo sipendi mtu wa nyumbani apunguze oksijeni akashangilia 88 kwenye kifaa cha bei rahisi. Mzee mwenye lengo la 88 hadi 92, mimi ningependa akae 90 au 91, na nitazame midomo yake, kasi ya kupumua na kama anaongea sentensi nzima.

Watoto njiti wana sura yao peke yao. Mishipa yao bado inajengwa, na vimeng'enya vya ulinzi havijakamilika, kwa kuwa tumboni walizoea oksijeni kidogo sana. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Stanford walieleza ugonjwa sugu wa mapafu ya njiti waliopita kwenye mashine na oksijeni nyingi: vifuko vichache, mishipa michache, kovu. Machoni ni hadithi hiyohiyo ya mishipa. Mwanamuziki Stevie Wonder alizaliwa njiti mwaka 1950 na kupoteza kuona kwa ugonjwa wa retina unaohusishwa na oksijeni ya kwenye mashine ya kuwapa joto watoto njiti. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linaelekeza njiti wa chini ya wiki 32 wanapopewa oksijeni wawe kati ya 88 na 95, wasipite 95. Ukimwona nesi wa wodi ya njiti anapunguza wakati kipimo kinasoma 99, usimwite mchoyo.

Na mmoja zaidi kwa wakulima wa Muheza, Lushoto na Korogwe: aliyekunywa dawa ya magugu aina ya paraquat. Sumu hiyo huingia kwenye mapafu na kuzalisha supaoksaidi kwa kutumia oksijeni iliyopo, hivyo oksijeni ya ziada inaichochea. Hospitali huizuia oksijeni hiyo mpaka upungufu uwe mkubwa kweli. Mwambieni daktari mapema ni dawa gani mgonjwa amekunywa, na mpeleke na chupa yake.

Baada ya haya yote naogopa jambo moja, kwamba msomaji mwingine atatoka hapa akimvua mgonjwa wake mirija. Tafadhali. Hapa kwetu watu waliokufa kwa kukosa oksijeni ni wengi kuliko waliodhurika kwa kuzidishiwa, na wakati wa UVIKO-19 tuliona mitungi ikigombaniwa. Mtoto mwenye kichomi aliye chini ya 90 anahitaji oksijeni sasa hivi, si kesho, na ya mirija ya puani haitamuunguza. Upungufu wa oksijeni huua ubongo kwa dakika. Sumu ya oksijeni inahitaji viwango vikubwa na saa nyingi.

Kuhusu mashine ya nyumbani. Mashine hizi huchuja naitrojeni kutoka hewa ya chumbani na kutoa oksijeni ya takribani asilimia 90 hadi 96, nyingi zikiishia lita 5. Kwa mirija ya puani umeshaiona hesabu, ukuta wa mapafu hautishiki. Lakini msinunue kwa sababu duka lina ofa. Mzee kwanza apimwe damu ya ateri au angalau kipimo cha kidole akiwa ametulia, wiki kadhaa baada ya kupona kichomi, kwa kuwa wengi wanaotoka wodini na mirija hawaihitaji tena baada ya mwezi mmoja au miwili. Wanaofaidika na oksijeni ya nyumbani ni wale ambao hata wakiwa wametulia wako chini ya 88 au hapo hapo, na hao huivuta saa 15 au zaidi kwa siku. Kuivuta nusu saa jioni "apate nguvu" ni kupoteza umeme.

Akithibitishwa anaihitaji, daktari aandike lita na lengo la kipimo kwenye karatasi, na karatasi hiyo ibandikwe juu ya mashine. Kigololi cha kwenye bomba la kupimia kisome namba hiyo, na mtu asiigeuze kwa kuwa mzee anahema. Akihema zaidi ya kawaida, akisinzia ovyo asubuhi, akilalamika kichwa kinamuuma anapoamka au maneno yake yakianza kuchanganyika, mpelekeni hospitali bila kuongeza wala kupunguza wenyewe. Sponji ya kuchuja vumbi ifuliwe kila wiki, maana vumbi letu la kaskazi si la kuchezea. Muwe na mtungi mdogo wa akiba kwa siku umeme unapokatika. Jiko la mkaa, sigara, udi na mshumaa vikae chumba kingine, na asipakwe mafuta ya mgando puani. Pua ikikauka, ombeni jeli ya maji kwenye duka la dawa.